Bolti Zilizokazwa Gari Likiwa Juu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kunywa uji, Mkamburi aliosha gari la babu yake. Maji ya kijijini kwao Marungu ni ya kupimwa, kwa hiyo alitumia ndoo moja tu na kitambaa. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, la milango miwili, lenye umri mkubwa kuliko mama yake Mkamburi, na tumbo lake nusura liguse barabara. Mzee Crispus alilipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe.

Jumamosi hiyo hakumngoja amalize. "Ingia," alisema, uso umekunjamana.

Tangu juzi gari lilikuwa likigonga mbele, ko, ko, ko, kila likikanyaga shimo. Bushi, zile raba zinazokaa kwenye vyuma vya magurudumu ya mbele, zilikuwa zimekufa tena, na hata miezi mitatu hazijamaliza.

Njia nzima hadi Voi Babu alinguruma. Fundi Nzomo amemchezea, fundi Nzomo leo atamtambua. Mkamburi alitazama nje dirishani, maana alijua jambo ambalo Babu hakulijua.

Karibu miezi mitatu nyuma, fundi alikuwa amekuja nyumbani kuziweka bushi hizo mwenyewe. Alilipandisha gari kwa jeki, akaliegemeza kwa magogo, akazitia raba mpya, kisha akazifunga bolti kidogo tu, bila kuzikaza. Mara akapigiwa simu, kuna basi limekwama Maungu. Akamtuma Mkamburi amwambie Babu asizikaze bolti gari likiwa juu. Atarudi kesho azikaze magurudumu yakiwa chini. Mkamburi akasema sawa, akakimbilia mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, akasahau. Babu aliporudi kutoka shambani akakuta bolti zimelegea. Akamcheka fundi kuwa ni mvivu, akachukua spana, akazikaza kwa nguvu zake zote, magurudumu yakining'inia.

Kesho yake fundi alikuta bolti zimekazwa, gari liko chini, na Mkamburi yuko peke yake. Akamuuliza kama Babu aliliteremsha gari kwanza kabla ya kuzikaza. Mkamburi, aliyekuwa amemwona Babu akizikaza gari likiwa juu, aliogopa kugombezwa. Akajibu ndiyo, na fundi akaenda zake.

Walipofika Voi, gereji ya fundi ilikuwa na watu. Mable, mama anayeuza mbuzi kutoka Kishushe, alikuwa wa kwanza kwa zamu na pikapu yake. Babu hakusalimia mtu.

"Nzomo, wewe ni mwizi," alisema. "Umeniwekea raba kuukuu ukaniambia mpya."

Fundi aliinuka polepole. "Mzee, nimelea watoto watano kwa spana hii. Leo unaniita mwizi mbele ya watu?"

Babu alizidi kupaza sauti. Alisema kila mwenye gari Voi atamsikia. Mable aliwatazama wote wawili, akaitazama pikapu yake, akasema afadhali atafute fundi mwingine. Akawasha injini. Fundi hakumzuia.

Mkamburi aliona pikapu ikigeuka kuelekea lango, lililokuwa limezibwa na lori bovu. "Babu, si yeye," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza yote, hata ule uongo wa mwisho. Fundi alilisogeza gari juu ya shimo la gereji, akalipandisha kwa jeki. Aliingia chini ya gari, akafungua bushi moja, akamwekea Babu mkononi. Ilikuwa imechanika kwa kujisokota, kama nguo iliyokamuliwa.

"Ukikaza gari likiwa juu, raba inashikwa vile ilivyo," alisema. "Ukiteremsha, inajisokota, na kila shimo linaikamua zaidi. Raba ilikuwa mpya, Mzee."

Babu alimgeukia mjukuu wake. "Muda wote huu umenyamaza?"

"Mwache kwanza," fundi alimkatiza. "Wewe mtu mzima ulizikuta zimelegea. Namba yangu unayo. Mbona hukuniuliza?"

Babu alimrudishia fundi ile bushi. Alitembea haraka hadi langoni, akashika mlango wa pikapu, akamwambia Mable, kwa sauti ileile aliyomtukania fundi, kwamba fundi hana kosa. Wenye kosa ni yeye mwenyewe na nyumba yake. Kila mtu alisikia. Mable alirudi kwenye zamu yake akisema watu wa Marungu watamuua kwa presha.

"Bado nina hasira na nyinyi," fundi alisema baada ya kuhudumia pikapu. Hata hivyo alitia bushi mpya, akaliteremsha gari juu ya shimo la gereji, akawaamuru Babu na Mkamburi wakae ndani, gari lipate uzito wake wa kawaida. Ndipo akaingia shimoni kukaza.

Walikaa bega kwa bega, spana ikilia chini ya miguu yao.

"Mkamburi," Babu alisema, "ungeniambia siku ile, ningekugombeza dakika tano. Angalia leo jina la mtu lilivyokuwa linachanika. Ukikosea, sema mapema. Na mimi nimejifunza, niulize kabla sijashika spana, na kabla sijafungua mdomo."

Mkamburi aliomba msamaha, kwake na kwa fundi.

"Nimesikia," fundi alijibu kutoka shimoni. "Sasa msitikisike."