Salamu ya Tano

Binti mwandishi alikuwa amesalimia watu watano, lakini vikombe vya chai vilivyoletwa, ukiacha cha kwake, vilikuwa vinne.

Hakulitilia maanani. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limeshika mabati, na hiyo ilikuwa nyumba ya saba aliyobisha hodi tangu asubuhi. Gazeti lao dogo lilikuwa na safu ya majirani: kila wiki familia moja ya mtaa ule mpya wa pembezoni mwa mji, ambako watu walikuwa wamehamia kabla ya barabara kufika na kabla ya kujuana. Miguu ilimuuma. Kiatu cha kushoto kilishaanza kucheka.

Namna ya kuhesabu watu alifundishwa na mhariri wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee Mkasi kwa jinsi alivyokata habari za wenzake.

"Usiwaulize wako wangapi," alimwambia siku ya kwanza. "Wataficha mpangaji, wataongeza wajukuu. Wewe ingia, salimia, na kila anayeitikia mpigie mstari kwenye daftari. Salamu haidanganyi."

Basi akapiga mistari. Mama mwenye nyumba, fundi cherehani, wa kwanza. Mumewe, dereva wa lori la maji, wa pili. Babu, baba yake dereva, wa tatu. Mtoto wao wa kike, miaka sita, wa nne. Na kule chumba cha kushonea, chini ya pazia, aliona nyayo za kizee, kavu, zimekunjwa juu ya mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," ikajibu sauti, polepole, kama ya mtu aliyengojeshwa muda mrefu.

Fundi akaacha kumimina chai. Dereva akatazama sakafu. Mwandishi akadhani ni mambo ya wakwe, akafunga daftari lake kwa adabu.

Ijumaa gazeti likatoka. Picha ilikuwa ya watu wanne, na chini yake imeandikwa: familia hii ya watu watano.

Jumatatu fundi cherehani alimfuata ofisini. Alikaa kwenye ncha ya kiti, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mwanangu, yule bibi uliyemsalimia si wa kwetu."

"Ni mpangaji?"

"Tulimkuta. Tangu tuhamie tunasikia harufu ya nguo iliyofungiwa mbichi, na kila alasiri kanyagio la cherehani linakwenda peke yake. Babu akatukataza: asiyewasalimia, msimsalimie. Miaka mitatu tumeishi naye hivyo, kila mtu na lake. Wewe ukamwamkia. Tena ukamwandika."

Mwandishi alitaka kutabasamu, mdomo ukakataa. "Sasa anataka nini?"

"Nafasi. Mtoto wangu hali. Akikaa kula anasogea, anasogea, mpaka anatoka kwenye mkeka. Nikimuuliza anasema, 'Bibi kasema nimpishe.'"

Walikwenda pamoja. Mtoto alikuwa kizingitini, nusu ndani nusu nje, mashavu yamebonyea, na mwandishi alipoinama kumshika mkono alisikia kanyagio likianza nyuma ya pazia, taratibu kwanza, kisha mbiombio kama mtu anayewahi kumaliza nguo ya mteja, na ile harufu mbichi ikamjaa puani ikashuka hadi kooni, na pazia, ambalo halikuwa na upepo wa kulisukuma, likavimba kwa chini kama kuna mtu anajaribu kuinuka na magoti hayamtii, na mtoto, bila hata kugeuka kutazama, akasogea tena shubiri moja kwenda nje.

Ustadhi wa mtaa aliitwa. Alisoma mpaka sauti ikamkauka, akanyunyiza maji ya dua pembe zote, kisha akaketi akijifuta jasho.

"Nimemsomea, na hatoki," alisema. "Anasema ana karatasi. Anasema yumo kwenye hesabu."

"Nitamtoa," mwandishi alisema. "Tutachapa masahihisho."

"Basi wataje wenye nyumba kwa majina yao, mmoja mmoja. Usiandike idadi tupu. Idadi haina uso, binti. Yeyote anaingia."

Aliandika usiku huohuo, majina manne kamili, akamkabidhi Mzee Mkasi mkononi, akamsihi kama anayeombea roho. Mzee Mkasi akaguna tu.

Ijumaa alfajiri alilifungua gazeti akiwa amesimama barabarani. "Wiki iliyopita tuliandika kwamba familia ya fundi cherehani ina watu watano. Ukweli ni kwamba ina watu wanne. Tunaomba radhi."

Alimpigia Mzee Mkasi simu. "Majina yako wapi, mzee?"

"Yalikuwa yanakula nafasi ya tangazo la magodoro. Kwani uongo? Wanne ni wanne. Acha nilale, binti."

Alifika kwenye ile nyumba akihema. Fundi alikuwa amempakata mtoto, kichwa kimelegea begani mwake. Babu alikuwa na gazeti magotini. Alikuwa amelisoma, na alikuwa ameelewa kabla ya wote.

"Wanne," alisema. "Ila haikusemwa ni akina nani."

"Babu, nitaandika tena. Wiki ijayo nitasimama mwenyewe kwenye mtambo..."

"Mtazame mtoto. Ana wiki huyu?"

Dereva alisema, "Baba, usianze," na sauti yake ikakatika.

"Sianzi kitu, mwanangu. Mwanzo nilishaumaliza zamani. Tangu mama yako atangulie, mimi ni mtu wa kusubiri gari tu, na roho ni ya Mwenyezi Mungu, huichukua kwa siku yake. Nileteeni maji ya kutawadha."

Alitawadha, akaswali palepale karibu na pazia. Alipotoa salamu alibaki ameketi, akasema kwa upole, kama mtu anayezungumza na jirani wa ukutani, "Mahali pangu ni hapa. Kaa. Mtoto mwache." Kisha akajilaza ubavu wa kulia. Kanyagio lilikwenda mara tatu, likasimama. Walipomgusa babu, alikuwa ameshapoa.

Matanga yalipokwisha mwandishi alirudi kuandika tanzia. Mtoto alikuwa katikati ya mkeka, anakula wali kwa mikono miwili, midomo inang'aa mafuta, na mama yake alimtazama kila tonge kama anayetazama mvua. Ile harufu mbichi sasa ilitoka sebuleni, kwenye kiti cha babu. Dereva alipopita na ndoo alikizunguka kile kiti kwa heshima.

Mwandishi akafungua daftari. "Marehemu ameacha mtoto, mkwe, mjukuu..." alisoma kwa sauti, kalamu ikatafuta jumla.

Fundi akaweka kidole chake, kilichochomwachomwa na sindano, juu ya ncha ya kalamu.

"Andika amefariki," alinong'ona. "Waliobaki usiwahesabu."