Udongo Aliouosha Dobi

Mama mdogo ndiye aliyeanza kutusimulia habari hii, mwaka ule tulipohamia ghorofani, jioni moja umeme ulipokatika. Inamhusu kaka yake, dobi.

Mke wa dobi alipofariki aliacha tangi la kioo la samaki, lenye mimea ya majini aliyoipanda kwa mkono wake. Watoto hawakujaliwa. Kila jioni dobi akishamaliza kupiga pasi alivuta kiti, akakaa mbele ya tangi na kulisimulia habari za mchana. Sasa mimea ilikuwa inanyauka, mmoja baada ya mwingine. Ikifa yote, atabaki kuzungumza na ukuta.

Jua likizama akaenda kwa muuza samaki wa mapambo.

"Mizizi inaoza, mzee mwenzangu. Niweke nini chini?"

"Mchanga hushikamana, mizizi haipumui. Changarawe haina chakula."  Muuza samaki akavuta gunia bichi kutoka chini ya meza. "Udongo huu mweusi niliuchimba kwenye bwawa lililokauka. Mmea wowote utashika. Ila usiuoshe."

"Kwa nini?"

"Wewe dobi wewe! Ukiachiwa utafua hata kivuli chako. Nimesema usiuoshe." Akashusha sauti. "Nyumbani unakaa na nani?"

"Peke yangu."

Muuza samaki hakutania tena.

Lakini kitu kiingie ndani kikiwa kichafu? Mikono ya dobi haikukubali. Akaumimina udongo kwenye karai, akaufikicha, akausuuza mpaka maji yakawa meupe. Udongo akautandaza ndani ya tangi, na maji yale machafu akayamwaga uani. Yalinuka tope la kale... na kitu kingine, kama nywele mbichi.

Kesho yake, giza likianza kuingia, aliona unyayo pale pale alipomwaga.

Mmoja tu. Umelowa.

Jioni iliyofuata ulikuwa umesogea. Iliyofuata tena, ulikuwa kizingitini.

Ndani, mimea iliendelea kufa. Udongo ulikuwa safi, na mtupu.

Dobi akainama na taa. Miguu ya mkewe aliijua. Aliikanda muda wote wa ugonjwa. Ilikuwa mipana, bapa. Unyayo huu ulikuwa mwembamba, kisigino kimezama.

Haukuwa wa mkewe.

Akafunga komeo. Akakaa mbele ya tangi. Nje ya mlango... tone... tone... tone...

"Mbona umenimwaga?"

Sauti ya kike, ya chini, isiyo na hasira.

 Dobi alitazama kiti cha mkewe. Tangu mazishi, hakuna aliyekuwa amemsemesha ndani ya nyumba ile.

"Nasikia baridi," ilisema sauti. "Na wewe uko peke yako."

Haya yote kaka mtu aliyaeleza bila kuficha, isipokuwa jambo moja: alisimama kwa muda gani kabla ya kuvuta komeo.

Mama mdogo alipokwenda kumtembelea, alikuta tangi limekuwa msitu. Majani yamefika juu, yanasukuma kifuniko. Samaki hakuwamo hata mmoja. Mezani vikombe viwili. Kiti cha pili kimelowa.

"Una mgeni, kaka?"

"Sema polepole," dobi alinong'ona, akitabasamu. "Ndiyo kwanza amelala."

Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda majini, ingawa kufua alikwisha kuacha.

Mama mdogo akachungulia chumbani. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka halina hata mkunjo. Ndipo akageuka, akatazama tena tangi. Katikati ya mimea, udongo ulikuwa umebonyea, kama godoro lililolaliwa.

Na ulikuwa ukipanda na kushuka... taratibu.

Muuza samaki alikwisha kufa. Mama mdogo yu hai, lakini kwa kaka yake haendi. Huzungumza naye kwa simu, na hukata akisikia maji. Dobi yu hai pia, ana afya kuliko wengi wetu, na hajalalamikia upweke tena. Huyo mwingine, hatujui tumhesabu upande gani.