Ugomvi Alioumaliza Mshenga

Katikati ya sebule ya Shangazi Mwanahawa, vivuli viwili vya mwanga vilikuwa vimekaa mkekani vikicheka. Kimoja kilikuwa cha Hidaya, hata ule mkono anaoutia shavuni akisikiliza. Cha pili kilikuwa cha Nurdini, rubani wa vyombo vya mizigo vya mwezini.

Kazi hiyo ilikuwa ya Mshenga, mtambo wa watu wa Tanga wasio na nafasi ya kutafuta wachumba. Ukishalipa, mtambo unajifunza sauti yako na mapenzi yako, kisha unaunda kivuli chako kikazungumze na vivuli vya wenzako. Hidaya alikuwa mhandisi wa mitambo ya kuchuja maji ya bahari. Kila jioni alirudi nyumbani amechoka hata kula hawezi. Bila Mshenga asingemjua Nurdini kabisa, na hilo mwenyewe alilikiri.

Sasa Nurdini halisi alikuwa mbele yake, sahani ya kaimati katikati yao. Shangazi akazima vivuli, akaenda jikoni.

“Nafurahi tulipatana,” Nurdini akasema. “Ulivyonuna siku ile, nilijua ndiyo basi.”

“Nilinuna lini mimi?”

“Kivuli chako. Tuligombana.”

“Na nani aliomba radhi?”

“Wewe.”

Hidaya akacheka mpaka akaweka kikombe chini. “Hapo wamekupunja, kaka. Mimi naweza kununa mpaka Idi. Tuligombania nini?”

“Pa kukaa. Ukakubali kuhamia mwezini. Mama ameshawaambia ndugu wote.”

Kicheko kikamkauka. Alikumbuka Mshenga akimuuliza jambo, naye mikono yote ikiwa ndani ya bomba lililoziba, akajibu, “Kubali, kubali,” ili aendelee na kazi.

“Mimi sihami, Nurdini. Huko hakuna bahari, nitachuja nini?”

Chombo cha Nurdini kilikuwa kinaruka jioni ileile. Alichukua kaimati, akaiangalia, akairudisha sahanini.

“Ulipokubali nilifurahi,” alisema polepole, “halafu usingizi ukanikimbia. Nikajiuliza, mtu gani huyu anaiacha Tanga yake bila hata kuuliza huko kuna nini?”

“Kwa hiyo ulikuwa na wasiwasi na mimi, ukanyamaza?”

“Niliogopa kuuliza. Nikauliza kivuli chako, kikacheka.”

Shangazi akatoa kichwa jikoni. “Wanangu, wazee wa posa wako njiani. Niwaambie nini?”

Hidaya alimtazama Nurdini, masikio yake yaliyochomoza kidogo, ambayo kivuli hakikuyaonyesha sawasawa. Alijua neno lake moja lingeweza kumrudisha mwezini peke yake.

“Waambie Mshenga katukutanisha, na tunamshukuru. Lakini ugomvi wetu katumalizia kabla hatujauanza. Wangoje tuumalize wenyewe.”

Nurdini akabonyeza kidude cha mkononi, akawaambia wenzake kituoni waruke bila yeye. Kisha akaisogeza sahani pembeni, akakaa vizuri.

“Haya,” akasema. “Kwa nini huhami?”