Mtu wa Kumsemea Wahabi

Mtu anayekimbia katikati ya soko la Kamwokya na gunia mgongoni ana maelezo ya kutoa, na kwa kawaida hapewi nafasi ya kuyatoa. Jumamosi moja ya mwaka 1974 kijana mrefu, jasho likimchuruzika, alikatiza kati ya mafungu ya nyanya akihema. Kabla hajafika penye samaki, soko zima lilikuwa limekwisha kupaza sauti: "Mubbi! Mwizi! Kamata huyo!"

Walimdaka mbele ya kibanda cha Akullo, fundi wa nguo. Akullo alikuwa amevaa gauni la kijani lililofika vifundoni, kama serikali ilivyoamuru mwanamke avae, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Amri ile ya kukataza nguo fupi iliwachukiza wengi, lakini ilimpa ulaji: nusu ya wasichana wa mjini walimletea magauni yao ayarefushe. Alipoona fimbo zinainuliwa, aliacha cherehani, akasimama kati ya watu na kijana, mkasi mkononi.

"Ngojeni kwanza! Mnampiga mtu hamjui ameiba nini?"

Akakata kamba ya gunia. Mchanga ukamwagika, ukafunika viatu vyake. Watu walitazama mchanga, wakamtazama kijana, kisha muuza samaki akaanza kucheka na soko zima likamfuata.

"Ssebo," alisema Akullo, "mchanga nao umeadimika?"

"Ni mazoezi, nnyabo."

"Mazoezi ya kujenga nyumba?"

"Ya jeshi," alijibu yule kijana, akajifuta uso na kutabasamu kana kwamba hakunusurika kuuawa sasa hivi. Meno yake yalikuwa meupe na kiburi chake kilionekana waziwazi vilevile. Akullo akajikuta anatabasamu naye, akajikasirikia.

Jumatatu alirudi kushukuru. Safari hii alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na suruali ya bugaluu, nywele amezichana hadi zikasimama. Jina lake Wahabi, Mnubi wa Bombo, fundi wa redio pale Bwaise. Alitaka kuingia kikosi maalumu cha makomando, wale wanaoruka kwa miavuli.

"Umewahi kuwa askari?" Akullo aliuliza.

"Bado."

"Polisi?"

"Hapana."

"Hata skauti?"

"Hata skauti. Lakini safari hii wanachukua raia. Unakimbia, unaogelea, unaruka, mtu anakusemea, basi."

"Na wewe fundi wa redio utaruka kutoka kwenye ndege?"

"Ndege nayo si ina redio?" Alicheka, kisha akawa na uso wa kazi. "Sikiliza, Akullo. Kwetu ukutani kuna picha ya babu na kofia ya jeshi, baba na kofia ya jeshi, baba wadogo wote na kofia zao. Mimi picha yangu nimeshika redio. Wameitundika nyuma ya mlango."

Akullo alicheka kwa sauti, kisha akainamia cherehani ili asionekane macho. Baba yake, Sajini Odur, alikuwa mtu wa Lango na askari wa miaka mingi. Mwaka 1971, jeshi lilipopindua serikali na kuanza kuwasaka askari wa Lango, watu walikuja kumchukua nyumbani, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Watu wa Kamwokya walipomuuliza habari za baba, Akullo alisema amesafiri. Na sasa moyo wake, ambao ulikuwa na Kampala nzima ya kuchagua, ulimchagua mwanamume anayetaka kuvaa buti zilezile.

Alijiambia atashindwa mtihani. Alijiambia hivyo kila siku, huku akimsaidia kufaulu. Alipoona kamba ya gunia imemchubua mabega, alimshonea mkoba wa turubai wenye mikanda mipana iliyojazwa blanketi kuukuu. Alfajiri Wahabi alipanda nao mlima wa Kasubi akikimbia, akateremka, akapanda tena. Jumapili alikwenda ziwani kuogelea na nguo zake zote. Jioni aliruka kutoka juu ya lori bovu nyuma ya karakana yake ya redio, magoti pamoja, akijibiringisha kwenye vumbi la Bwaise, wanawake wa jirani wakimwonea huruma kwamba amerogwa.

"Njoo nikufundishe kuanguka," alimwambia Akullo siku moja.

"Mimi nimeshaanguka penzini, bambi. Huoni?"

Wahabi akapanda tena juu ya lori, akaruka, na safari hii akaangukia ubavu.

Mchana walipigiana simu. Akullo alitumia ile ya dukani kwa Mzee Sulaimani, aliyejifanya anapanga sabuni huku ametega masikio yote mawili.

"Halo, hapo ni jeshini?"

"Hapa komando Wahabi."

"Komando, umekula?"

"Nimekula mayai. Nimekukumbuka pia."

"Kipi kilitangulia?"

"Mayai. Nisikudanganye, mpenzi."

Basi ikawa hivyo, mapenzi matamu na hofu ndani yake. Akullo hakumweleza habari za baba. Kila alipofungua kinywa, Wahabi alikuwa anaeleza jinsi mwavuli unavyofunguka, na uso wake ulikuwa unang'aa mno.

Jumanne moja gari jeusi lilisimama ukingoni mwa soko. Walishuka wanaume wawili wenye miwani ya jua na mashati ya maua. Kila mtu alijua makachero wa serikali huvaa hivyo, na wanayemchukua harudi. Wachuuzi ghafla walikuwa na viazi vya kuhesabu. Wale wawili wakaenda kibanda hadi kibanda na swali moja, na kila kibanda kikawapa jibu moja: simjui. Hata mama wa chai, ambaye Wahabi alimtengenezea redio juzi tu, alisema jina hilo ndiyo kwanza analisikia. Mwishowe wakafika kwa Akullo.

"Wewe najua mutu naitwa Wahabi? Fundi ya redio?"

"Simjui."

"Yeye nasema mchumba yake nashona nguo hapa sokoni. Si wewe?"

Wamemkamata, alifikiri, wamempiga hadi akataja. "Mafundi ni wengi, afande. Mimi huyo mtu simjui kabisa."

Walipoondoka alikimbilia dukani kwa Mzee Sulaimani, akapiga simu karakana. Sauti ya Wahabi ilipoitika, mzima kabisa, Akullo hakungoja hata salamu.

"Kimbia, Wahabi! Watu wa gari wanakutafuta. Toka hapo sasa hivi, usirudi nyumbani!"

Wahabi alitoka kama alivyokuwa, bisibisi mfukoni, akajificha kwa nyanya yake Bombo. Huko ndiko baba yake mdogo Muhamadi, koplo wa jeshi, alikomkuta uvunguni mwa kitanda na kumweleza ukweli. Wale watu walitumwa na kikosi. Walikuja kumwulizia tabia. Jina lake lilikuwa limepita kila mtihani, na lilikwama Kamwokya, ambako hakuna mtu hata mmoja anayemjua, na karakana, ambako walimkosa kwa sababu amekimbia kama mhalifu.

Simu iliyofuata Mzee Sulaimani hakujifanya tena kupanga sabuni.

"Jumapili unanipenda, Jumanne hunijui?"

"Wahabi, nilidhani..."

"Uliulizwa swali rahisi! Nilikuficha kwamba nimefaulu na kwamba watakuja kuuliza, nilitaka iwe zawadi. Nimetaja mchumba wangu mbele ya jeshi zima, kisha mchumba wangu ananikana!"

"Usinipigie kelele."

"Sikupigii tena hata simu." Akakata.

Akullo alilia siku ile na siku iliyofuata. Kilichomuuma zaidi ni kwamba, chini ya machozi yale, kulikuwa na furaha ndogo: hawatamchukua. Alijionea haya kwa furaha hiyo, lakini hakuweza kuifukuza.

Wahabi alivumilia juma zima, kisha akaja mwenyewe kibandani, uso umemkauka. Hakusalimu.

"Niambie kwa nini. Ukweli tu, kisha niende zangu."

Akullo akavua futi shingoni, akaiweka juu ya cherehani.

"Baba yangu hakusafiri. Alikuwa sajini. Watu wawili walikuja nyumbani, wapole, na gari kama lile. Wakamuuliza mama, unamjua Sajini Odur? Mama akafurahi, alidhani amepandishwa cheo. Akasema, ndiyo, ni mume wangu, yuko ndani anakula, karibuni." Akaikunja futi, akaikunjua. "Mimi ndiye niliyewafungulia mlango. Sasa uliza tena kwa nini nilisema sikujui."

Wahabi alikaa chini kwenye kibao cha wateja.

"Na ukanishonea mkoba," alisema.

"Nilikupenda. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia niache."

"Ungeacha?"

Wahabi akamshika mkono mbele ya soko zima, na muuza samaki akapiga vigelegele bila kuombwa.

Muhamadi alikuwa amebembeleza huko jeshini: Ijumaa Wahabi apelekwe tena, na mtu wa kumsemea. Wahabi alisema ataenda na jirani wa Bombo. Akullo akakataa.

"Walisikia fundi wa nguo. Watamtaka fundi wa nguo. Nilikuharibia mimi, nitatengeneza mimi."

"Huna lazima, Akullo."

"Najua. Ndiyo maana naenda."

Ijumaa alivaa gomesi ya rangi ya zabibu, mabega yamesimama, mkanda wa hariri umefungwa vizuri kiunoni. Ofisi ilikuwa na meza moja na kapteni mmoja mnene aliyekuwa akila karanga.

"Huyu ndiyo mchumba yako?"

"Ndiyo, afande," Wahabi alijibu, kifua mbele.

"Namna gani mara ya kwanza alisema hapana jua wewe?"

"Niliogopa, afande," Akullo alisema. "Ninamjua. Ni mtu mkweli, hanywi, hachoki. Hakuna askari hapa atakayempita."

Kapteni akatikisa kichwa, ameridhika. Akachukua kalamu. "Jina yako?"

"Akullo."

Kalamu ikasimama. Kapteni akasukuma karanga pembeni, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Akullo. Hiyo jina ya Lango. Baba yako nani? Nafanya kazi gani?"

Akullo alikuwa amejiandaa kusema mkulima. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini miaka mitatu alikuwa amemkana baba yake kwa kila aliyeuliza, na mwezi huo akamkana na Wahabi, na sasa akahisi hawezi tena kumkana mtu yeyote. Kidevu chake kikapanda. Akavuta pumzi.

"Afande!" Wahabi alisema kwa sauti kubwa. "Nimedanganya. Huyu si mchumba wangu."

Kapteni akageuka. Akullo pia.

"Ni fundi tu wa pale sokoni. Sikuwa na mtu wa kunisemea, nikambembeleza aje. Hanijui. Nami simjui."

"Wewe naleta uwongo katika ofisi yangu?" Kapteni aliinuka, akampiga kofi la uso. Wahabi hakutikisika. "Komando hapana chukua mwongo! Jina yako hapa imekufa. Toka! Wewe na mwanamke yako ya kukodi, toka!"

Walitoka. Walipita lango la kambi, shavu la Wahabi likivimba, hadi walipofika kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa.

"Umenikana," alisema Akullo.

"Mbele ya serikali."

"Wahabi, ulikitaka kile kitu kuliko chochote."

"Nilikitaka. Kinaniuma, na kesho kitaniuma tena." Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha. "Ungemwambia kweli?"

"Ningemwambia. Jina lake na cheo chake."

"Nilikiona kidevu." Akavuta kamasi, akacheka kidogo. "Basi sikiliza. Mimi ni fundi wa redio, na nitabaki fundi wa redio. Utanikubali hivyo?"

"Na dini? Wewe Mwislamu, mimi Mkristo."

"Mama yangu atalia, mama yako atalia, wakichoka kulia watapika."

Akullo akatoa leso, akaibana taratibu kwenye shavu lile lililovimba.

"Waambie wazee wako waje Jumapili," alisema. "Na wakiuliza mimi ni binti wa nani, nitawajibu."