Firigisi ya Mzee Zefania

Ndugu wasomaji, vueni kofia!

Anayewaandikia ni Innocent, mtoto wa siri wa Mzee Zefania, mwandishi mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka Kiomboi!

Haya, zivaeni. Ni uongo.

Baba yangu ni Andrea. Analima alizeti Issuna, na kitabu pekee anachofungua ni cha nyimbo za kanisani.

Lakini uongo huo ndio uliofanya mwanamke anikwide kola msibani, maiti ikiwa bado ndani...

Nianze mwanzo.

Shuleni tulisoma riwaya ya Mzee Zefania, ile ya baba anayembeba binti yake mgonjwa mgongoni, siku mbili kwa miguu, mpaka hospitali. Darasa zima lililia. Mimi nikaona fursa.

"Mwandishi huyu ni dingi wangu," nikawaambia. "Ila ni siri ya familia."

Siri ikafika jikoni kabla makande hayajaiva.

Dada Selina, mpishi wetu, akaniita pembeni. Nikajua leo ni ukoko wa bure!

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ni kweli wewe ni wa Mzee Zefania?"

"Damu yake kabisa," nikajibu kwa sauti ya askofu.

Akaanza kulia.

"Basi wewe ni mdogo wangu."

Jamani!

Alizaliwa kabla mzee hajajulikana. Alipofika miaka ishirini alimfuata kwake Mandewa. Mzee alikuwa na wageni sebuleni. Akasema hamfahamu.

"Nikamwambia, hutakula firigisi kutoka mkononi mwangu mpaka unakufa."

Watu wa Singida mmeelewa. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Mtoto akikunyima, amekuvua ubaba.

"Na sasa, dada?"

"Sasa nimechoka kuchukia. Ijumaa baba ni mgeni rasmi wa mahafali. Mimi siwezi kutoka na aproni mbele za watu. Utampelekea wewe, mdogo wangu."

Ijumaa akanikabidhi kibakuli kimefunikwa.

"Mwambie, Selina kampikia baba."

Nikaenda mpaka hatua kumi kutoka meza kuu. Mzee alikuwa hajagusa sahani yake. Alikuwa anaangalia mlango wa jikoni.

Pembeni yake, mkuu wa shule.

Nikisogea, wataniuliza mimi ni nani. Uongo wangu unafia pale pale, na mimi narudi Issuna na godoro kichwani!

Nikakata kona. Nyuma ya maktaba, nikaila.

"Vipi?" Selina alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Ameila yote! Amesema, asante mwanangu."

Mdomo wangu huu...

Wiki nzima aliimba jikoni. Nikamuuliza kwa nini haendi Mandewa.

"Mimi yangu nimemaliza," akasema. "Zamu yake. Atakuja tu."

Wiki ya tatu, Mzee Zefania akafariki.

Shule ikapeleka wanafunzi msibani. Selina akaja kusaidia kupika. Dada wa marehemu, Bi Raheli, akamwona kwenye masufuria.

"Selina, umekuja kumpikia leo?"

"Shangazi..."

"Ule mwaliko wa shule aliukubali kwa ajili yako! Alikaa akisubiri firigisi mpaka chakula kikapoa. Aliporudi akaniambia, 'Hajanisamehe, Raheli. Na ana haki.' Akajilaza. Hakuamka vizuri tena."

Selina akaacha mwiko. Alizungusha macho mpaka akaniona mimi, na tai yangu ya shule.

Ndipo kola.

"Innocent. Si ulisema kala?"

Akakaza mkono.

"Nani kaila?"

Darasa zima linanijua kwa majibu. Safari hii nikatoa la kweli.

"Mimi, dada. Na mimi si mdogo wako. Mimi ni wa Andrea, wa Issuna."

Nilisubiri kofi. Nililitaka hilo kofi!

Akaniachia. Akaninyooshea kola vizuri, kama unavyomnyooshea mtoto wa watu. Kisha akarudi kukoroga ugali wa waombolezaji.

Funzo? Unapotania, angalia aliye karibu. Anaweza kuwa anauhitaji huo uongo wako uwe kweli.

Na mtakaouliza kwenye maoni kama firigisi ilinikwama kooni, niseme ukweli walau mara moja.

Haikunikwama. Ilikuwa tamu kuliko chakula chochote nilichowahi kula. Nililamba mpaka kibakuli.