Waya wa Chini

Kila Jumamosi jioni Mulei alirudi nyumbani Gatuanyaga. Siku nyingine zote alikuwa Thika, kwenye kiwanda cha nguo. Nyumbani aliwaacha mkewe Nduku, mtoto wao Mumo, na mbuzi. Sasa Nduku alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa zimekaribia.

"Usiwe na wasiwasi, Mama Mumo," Mulei alimwambia. "Ukianza kuumwa, enda zahanati. Sista Zubeida atapiga simu Thika. Gari ya hospitali itakuja."

Simu hiyo ya zahanati ndiyo iliyokuwa tegemeo lao. Hakuna nyumba hata moja pale iliyokuwa na simu. Nyaya za simu zilipita juu ya mashamba yao, zikaenda zao kwa tajiri wa kahawa. Watu wa Gatuanyaga nao walikuwa wameomba simu mpaka wakachoka. Kila mmoja aliambiwa angoje. Basi walizitazama zile nyaya kwa wivu, na wivu humpa mtu ruhusa ya kufanya mambo mengi.

Jumapili moja upepo mkali uliinamisha nguzo karibu na boma la Mulei. Nyaya za chini zikalegea hadi mtu angeweza kuzishika kwa mkono. Mlango wa zizi la mbuzi ulikuwa mbovu siku nyingi. Mulei akachukua koleo, akakata kipande kirefu cha waya.

"Baba Mumo, hiyo si ni ya simu?" Nduku aliuliza.

"Ni ya tajiri. Kwani wewe umewahi kupigiwa simu na hiyo?"

Nduku alicheka. Waya ulishika mlango vizuri sana. Majirani walipoona, nao walikuja kuchukua vipande vilivyobaki. Huyu alitaka wa kuanikia nguo, yule wa kufungia ua. Hakuna aliyeona kwamba ni wizi.

Jumanne asubuhi uchungu ulimshika Nduku. Syokau, jirani yake, alimshika mkono wakaenda zahanati polepole. Sista Zubeida alimpima, na uso wake ukabadilika.

"Mtoto amelala vibaya," alisema. "Hapa mimi siwezi. Lazima uende Thika, na haraka."

Akainua simu. Akaiweka sikioni. Akaibonyezabonyeza. Kimya.

"Simu imekufa," alisema.

Walimpakia Nduku kwenye mkokoteni wa punda. Barabara ilikuwa mawe matupu. Kila gurudumu liliporuka, Nduku alipiga kelele. Syokau alimfunika na leso yake na kumwombea Mungu njia nzima. Walifika hospitalini alasiri. Madaktari walimpasua Nduku. Mtoto alitoka kimya kabisa, na walihangaika naye kwa muda mrefu kabla hajalia.

Mulei alipopata habari alikimbia kutoka kiwandani na mavazi yake ya kazi. Alimkuta mkewe amelala, midomo imekauka.

"Kwani hawakupiga simu?" aliuliza.

"Simu ilikuwa imekufa," Nduku alisema kwa sauti ndogo.

Mulei aliwaka. Aliwatukana watu wa simu hadi akina mama wengine wodini wakageuka kumtazama.

Siku mbili baadaye fundi wa simu alifika Gatuanyaga. Jina lake lilikuwa Tahir. Mulei aliomba ruhusa kazini ili amwonyeshe njia. Walifuata nguzo moja moja, na Mulei hakunyamaza.

"Mke wangu karibu afe! Nikimpata aliyefanya hivi, nitamfundisha adabu."

Walifika kwenye nguzo iliyoinama. Tahir alishika ncha ya waya.

"Ni hapa," alisema. "Imekatwa na koleo. Upepo haukati hivi."

Mulei aliitazama ile ncha. "Lakini hiyo ni ya tajiri."

"Ya tajiri ni zile mbili za juu. Hizi mbili za chini ni za zahanati. Nguzo ni moja, lakini kila simu iko na waya zake mbili. Ukikata moja, hata ile ingine haifanyi kazi."

Mbuzi alilia. Tahir aligeuka. Akauona mlango wa zizi, na waya unang'aa juani. Akamtazama Mulei. Afadhali angemtukana. Mulei alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Na mke wangu ndiye alikuwa kwa mkokoteni."

Tahir alikohoa. "Mzee, ukiona waya imelegea, usiiguse. Mwambie sista au chifu, ama kuja ofisini utuambie. Na hii maneno ya kuomba simu kila mtu kivyake, wachaneni nayo. Ombeni pamoja. Simu moja ya sokoni, ya watu wote."

Nduku aliporudi nyumbani, Mulei alimweleza yote. Nduku aliutazama mlango wa zizi.

"Kwa hivyo kila jioni nilikuwa nafunga mbuzi na simu yangu mwenyewe," alisema. "Na mimi nilicheka."

Alimpa Mulei mgongo, akamnyonyesha mtoto. Walimwita Nzioka.

Jumapili kanisani Mulei alisimama mbele ya watu, waya mkononi. Alisema alichofanya. Hakuna aliyemcheka. Wengi walitazama viatu vyao.

Kesho yake Sista Zubeida alikuta rundo la waya kwenye mlango wa zahanati. Kipande kimoja kilikuwa bado na vibanio vya nguo. Hakuuliza ni cha nani.

Watu waliunda kamati. Waliomba simu pamoja, wakafuatilia bila kuchoka. Mwaka uliofuata kibanda cha simu kilisimama sokoni. Foleni ilikuwa ndefu, na tajiri bado alipiga simu akiwa amekaa kwenye kiti chake. Lakini sasa nao walikuwa na pa kupigia.

Siku ya kwanza Nduku alipiga simu kiwandani. Mulei aliitwa ofisini.

"Baba Mumo? Unanisikia? Nzioka ameanza kutembea!"

"Nakusikia, Mama Mumo. Nakusikia sana."

"Amefika mpaka kwa mlango wa mbuzi."

"Umeufunga na nini?"

"Na kamba ya katani."

Mulei aligeukia ukuta, ili wenzake wasimwone uso.