Mgonjwa wa Kwanza wa Kunegunda

Kunegunda na Dorine walisomea utunzaji wa meno mjini Songea. Walipanga chumba kimoja Majengo, wakala ugali wa sufuria moja.

Lakini tangu Dorine amhudumie mgonjwa wake wa kwanza, Kunegunda hakuwa na raha. Mwalimu wao, Bwana Pankrasi, alimsifu Dorine mbele ya darasa zima. "Ana mkono mwepesi," alisema. Maneno hayo yalimkwama Kunegunda kama mwiba wa samaki. Kila Dorine alipocheka, Kunegunda alidhani anachekwa yeye.

Jumatatu ikawa zamu yake ya kumhudumia mgonjwa kwenye kliniki ya chuo. Akaingia Mama Mwanne, mkulima wa korosho wa Nalasi, aliyekuja kumtembelea binti yake mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Basi nimeacha kupiga, mwezi wa pili sasa."

Kunegunda akatazama. Fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba. Meno yalikuwa na ugaga, yaani uchafu ulioganda ukawa mgumu kama chokaa.

Alipaswa kwanza kumweleza mgonjwa atakachofanya. Hakueleza. Alimwona Dorine amesimama mlangoni. "Leo utaona," akasema moyoni. Dorine alikuwa ametumia saa nzima kwa mgonjwa wake. Yeye alitaka kumaliza kwa nusu saa. Akashika chombo, akaanza kukwangua ugaga kwa kasi.

"Yalaa!" Mama Mwanne akamdaka mkono. "Mwanangu, unasugua sufuria? Niitie yule mwenzako wa mlangoni. Ana uso wa huruma."

Uso ulimwaka moto Kunegunda. Kati ya watu wote, Dorine! Alitamani kutupa chombo atoke nje. Lakini damu ilikuwa ikichuruzika kidevuni kwa mama wa watu. Akaifuta kwa pamba.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa na haraka zangu, si zako." Kisha akaita. "Dorine, njoo unionyeshe unavyoshika."

Dorine hakucheka. "Egemeza kidole hiki kwenye jino la jirani. Kikitulia, chombo hakitelezi. Hata mimi siku ile nilitetemeka, Kune."

Kunegunda akamweleza mama kila hatua, akamwomba ruhusa.

"Haya, bismillahi," alisema Mama Mwanne, akafungua kinywa.

Safari hii Kunegunda alikwenda polepole. Alipomaliza, akasema, "Mama, kosa si la mswaki. Damu inaletwa na uchafu unaokaa kwenye fizi. Ukiacha kupiga mswaki, uchafu unazidi. Mwisho meno yanalegea."

"Kwa hiyo nipige hata damu ikitoka?"

"Ndiyo. Asubuhi na kabla ya kulala. Mswaki laini, taratibu, mpaka ukingoni mwa fizi. Rudi baada ya wiki mbili nikutazame."

"Na dawa ya meno? Siku hizi madukani zimejaa za kila rangi."

"Yoyote yenye floraidi ya kuimarisha meno, mama. Rangi si kitu."

Baada ya wiki mbili Mama Mwanne alirudi. "Nimetafuna hindi la kuchoma, sijaona damu! Namtaka Kunegunda wangu."

Bwana Pankrasi akazikagua fizi. "Kazi safi, Kunegunda."

Kando yake, Dorine alikunja uso kidogo, akageukia dirishani. Kunegunda aliujua uso ule. Yeye mwenyewe alikuwa ameuvaa siku nyingi. Angeweza kunyamaza, sifa zote zikabaki zake.

"Mwalimu," akasema, "kushika chombo nilifundishwa na Dorine."